Yama Casimir na Bombardo Iliyokula Pumzi

Zamani mu kampi yetu hakukuwa pompi ya mipira. Kulikuwa yama Casimir.

Batoto balimuleteaka mupila iliyolala kama kiatu ya mulevi. Yeye anameza kwanza bukari, ile ugali yetu, yenye iko mu kinywa, anafuta kale kashimo na kidole, anavuta hewa, anapuliza, macho inatoka kidogo inje, na mupila inasimama. Kwa mupila ya bakubwa alivutaka mara tatu. Kisha anaipiga kofi, anasikiliza kama muntu anachagua papayi ku soko, anasema: "Imeiva. Muende mukavunje madirisha."

Casimir Chanda alikuwa yama yangu, ni kusema ndugu ya mama. Mimi Edith nilikaa kwake Élisabethville tangu niliacha masomo ku mwaka ya tatu. Nyumba yetu ilikuwa mu kampi ya kampuni, na kazi yake ilikuwa ku tanuru kwenye banayeyusha shaba. Alikuwa na kifua ya kufunga mulango. Bibi yake, mama Jeanne, alimushoneaka shimizi ya kiume na vitambaa ya bantu babili. Na alikuwa na kicheko ya tisa. Nilihesabu mara mingi: ha mara tisa, hapunguzi, haongezi, kisha anafuta macho.

Siku ya Mungu, ile Jumapili, alipigaka bombardo mu fanfari, bendi ya misioni. Bombardo njo ile pembe kubwa ya shaba yenye inazunguka muntu kama nyoka na kufungua kinywa juu ya kichwa. Yama aliisafishaka na majivu na ndimu, polepole, akiiongelesha. Mama Jeanne alisemaka: "Mimi niko bibi wa kwanza. Ule wa pili, angalieni, hapiki, hafui, na njo yeye anapakwa mafuta."

Ngoma kubwa ya fanfari ilipigwa na Kapya, rafiki yake wa ku tanuru. Lakini Kapya hakuwa rafiki tu, alikuwa mutani. Sisi ni ukoo ya Mbuzi, yeye ni ukoo ya Chui, na tangu bankambo, mababu yetu, Mbuzi na Chui ni batani. Mutani anaweza kukutukana mbele ya mama mukwe. Anaweza kuingia kwako, kubeba kuku na kukuaga vizuri. Wewe hauna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, kampi yote inakucheka. Dawa ni moja: na wewe uende ubebe kitu yake. Kuku mumoja mweupe alitembea kati ya nyumba yetu na ya Kapya miaka mbili, mupaka akazeeka bila kujua kwao ni wapi.

Mwaka ya hamsini na tano, mwezi ya saba, batoto balileta mupila ya mechi. Yama akameza bukari, akafuta kashimo, akavuta hewa. Mara ya kwanza, vizuri. Mara ya pili, akashika mbavu ya kushoto. Mara ya tatu, hewa ilitoka na pua.

"Mbuzi," Kapya akaita, "unaipuliza ao unaibusu?"

"Ngoja kidogo."

"Tungoje nini? Ndoa?"

Bantu balicheka. Yama naye alicheka: ha, ha, ha, basi. Tatu. Akafunga kinywa na kuangalia chini kama muntu mwenye kitu yake imeanguka.

Mechi ilichezwa na mupila nusu. Ukiipiga, inaenda hatua tano na kukaa chini kufikiri. Ilikuwa sifuri kwa sifuri, na golikipa mumoja alilala usingizi.

Kutoka ile siku nilianza kumuangalia zaidi. Asubui bidole yake ilikataa kushika kikombe. Alikishika na mikono mbili kama padri na kalisi. Akivuta hewa ya nguvu, kitu ilimuchoma ku mbavu. Alilala akikaa, na mito tatu ku mugongo. Ku mashavu na juu ya pua ilitokea alama nyeusi, pande na pande, kama kipepeo alikuja kupumuzika akapenda mahali.

Bantu ba fanfari balifanya mukutano. Balisema muntu mwenye kifua kama ile hawezi kuishiwa pumzi bure. Pumzi imeenda wapi? Kila siku ya Mungu, miaka kumi, alikuwa anaiingiza mu bombardo. Basi iko mule. Bombardo imezoea kukula, na sasa inavuta hata kabla hajapuliza.

"Tuigeuze," Kapya akasema.

Baliigeuza mu kiwanja, kinywa chini, bantu ine bakaitikisa. Kulitoka maji, kigunzi ya muhindi moja, soksi ya mutoto, na panya mwenye hasira sana. Balimimina ndani ndoo mbili ya maji ya moto. Kisha balimusimamisha yama kwenye kinywa kubwa ya bombardo, kichwa ndani, bakamuambia avute yote yenye iko yake. Alivuta. Alikohoa mupaka mama Jeanne akakuja na mwiko na kubafukuza bote.

"Munataka kumumalizia umo?"

"Mama, tulikuwa tunamurudishia mali yake," Kapya akajibu, akiruka mwiko.

Mimi nilikuwa nimeona kitu moja lakini sikusema: yama alikosa pumzi hata akipanda ile ngazi moja ya ku mulango, na bombardo iko ndani ya nyumba imelala. Pembe haikukuwa na kosa.

Mwezi ya kumi alikwenda hopitali. Mama Jeanne alikuwa na mutoto mudogo mwenye homa, basi nilimusindikiza mimi na kapu ya chakula. Infirmie Antoine, muuguzi, muntu mwembamba mwenye blusi nyeupe kupita mawingu, alimusimamisha mbele ya mashini yenye inapiga picha ya ndani ya kifua.

"Vuta hewa! Shika! Usiachilie!"

"Ya kushika iko wapi?" yama akauliza.

"Usiongee, umeachilia."

"Naachilia nini? Haikuingia."

Balipiga picha mara tatu. Munganga muzungu aliziangalia ku dirisha, akageuza moja juu chini, akairudisha. Balipima makohozi mara tatu: kifua kikuu hakuna. Vumbi ya mawe hakuna. Mapafu safi. Lakini madogo! Antoine alitufasiria: "Anasema mapafu yako ni ya muntu wa kilo makumi ine. Ile nyama yenye inatenganisha kifua na tumbo, yako imepanda juu sana. Kama muntu anavuta suruali mupaka ku makwapa."

"Nani aliivuta?"

"Njo hajui."

Siku kumi munganga hakujua. Alikuwa anapita ku kitanda, anagonga mugongo ya yama na bidole, tok tok, anasikiliza, anatikisa kichwa, anaenda. Yama alisema: "Mimi nilikuwa nagonga mipira hivi. Huyu anajua nimeiva ao hapana?"

Aliyejua alikuwa mama mumoja wa pavioni, ile wodi ya banamuke, jina yake Wivine. Alikuwa anapita mu kulwari, njia ya kati ya vyumba, na kopo ya chai, akamuona yama amekaa ku benchi na mimi. Akasimama. Akaangalia mashavu yake kushoto, akaangalia kulia, akaweka chai chini.

"Bwana, asubui bidole inakataa?"

"Inakataa."

"Jua inakuunguza ku sura?"

"Ndiyo, mama."

"Nywele inabaki ku kisanuo?"

Yama akagusa kichwa, akaangalia nywele ku bidole.

"Ngoja," Wivine akasema. Alirudi akivuta munganga na mukono ya blusi, kama muntu anavuta mbuzi ku soko. "Docteur, angalia. Huyu mwanaume ameiba sura yangu."

Kweli. Ku mashavu ya Wivine kulikuwa ule ule kipepeo, lakini wake ulianza kufutika. Munganga alibaweka pamoja ku benchi moja, akaangalia mumoja, akaangalia mwingine, akakimbia kutafuta vitabu yake. Antoine alitufasiria baadaye: damu ya muntu, yenye inapaswa kupigana na adui, inachanganyikiwa na kupiga nyumba yake yenyewe. Viungo, ngozi, mbavu, mapafu. Ugonjwa hii inapenda banamuke sana. Kwa kila kumi, tisa ni banamuke. Mwanaume akiipata, banganga banachelewa kuijua, sababu habamutafutii kule. Na kwa mwingine inaingia na mulango ya pembeni, inajificha mu kifua.

"Kumi, na mimi njo wa kumi?" yama akauliza.

"Wewe njo wa kumi."

"Hata mu ugonjwa nimekosa bandugu."

"Bandugu uko nabo," Wivine akamuambia. "Karibu. Sisi tunakutana saa ine ku benchi hii. Ulete karanga."

Dawa ilikuwa ya aina mbili. Moja ilikuwa ile ile kinini yenye tunameza juu ya malaria, chungu kama maneno ya mama mukwe. Ingine ilikuwa dawa mupya kutoka Ulaya. Ile ya pili ilimusaidia haraka: mbavu ilinyamaza, bidole ilifunguka, aliweza kulala na muto moja. Lakini iliongeza njaa, na ilimuvimbisha mashavu. Mu wiki tatu, sura yake ilikuwa duara kabisa. Alionekana kila saa kama muntu anapuliza bombardo, na ndani hakuna upepo.

Munganga akamukataza tena jua. "Ukitoka, jifunike." Antoine akamupa yenye alipata: mwavuli wa masela, bale bamasista ba misioni, mweusi, na maua madogo ku pembeni.

Nikamuuliza yama kama anasikia haya. Alikuwa anaangalia mwavuli ule, anaufungua, anaufunga.

"Haya haina kitu, mutoto. Mwavuli nitabeba, kinini nitameza. Lakini Padri atapima pumzi mwezi ya kumi na moja." Akafunga mwavuli tena. "Bila bombardo, siku ya Sainte Barbe nitasimama wapi? Pamoja na bale banaangalia?"

Njo ile ilikuwa inamuuma kupita mbavu. Sainte Barbe, tarehe ine ya mwezi ya kumi na mbili, ni siku ya bantu ba shaba na ba moto. Fanfari inatembea kampi muzima, na kabla yake Padri Pierre anapima kila mupuliza: sauti moja, ndefu, yeye anahesabu mupaka makumi mbili. Usipofika, chombo inarudi mu kabati ya misioni. Yama alikuwa anafikaka makumi ine, kisha anaacha sababu ya njaa.

Ku kampi, mama Jeanne alinielezea baadaye, Kapya hakukaa bure. Mutani akisikia mwenzake iko hopitali, ana kazi: kumulilia akiwa muzima, ili kifo ione aibu na kwenda. Kapya alifunga majani ku kichwa, akakaa pa mulango yetu, akaanza:

"Mbuzi wangu weee! Umekufa na deni ya kuku! Nani atakula bukari ya mama Jeanne, ile ngumu? Uliniachia mimi peke yangu meno!"

Mama Jeanne alimumwangia maji ya vyombo, ni kawaida, na Kapya akaendelea kwa furaha. Bantu ba zamani balipita bakicheka. Lakini ile wiki kulikuwa jirani mupya, Anaclet, muntu wa kaskazini, mupole sana, mwenye hakujua Mbuzi wala Chui. Yeye aliona mwanaume mukubwa analia na majani ku kichwa. Alivua kofia. Aliingia kwake akaleta unga, akauweka mikononi ya mama Jeanne kabla mama hajafungua kinywa, akapanda kinga, ile baisikeli yake, mupaka ku misioni kutangaza kifo.

Saa kumi kengele ilipigwa. Banamuke ba kwaya balikuja na vitambaa ku kichwa. Kuni ililetwa. Padri Pierre alifika na stola ku shingo na bantu ba fanfari nyuma. Mama Jeanne alijaribu kueleza, lakini kila akifungua kinywa, bamama babili banamukumbatia na kumuziba: "Lia, mama, lia, usijikaze."

"Sasa niko nalia kweli," akasema, "ninyi munaniua."

Hata Kapya alianza kuwa na wasiwasi. Aliniambia baadaye kama aliona Padri na kengele na unga, akafikiri: labda Mbuzi alikufa kweli, na mimi nilikuwa nafanya muchezo. Akalia tena, na ile mara machozi ilikuwa na maji.

Ni mu ile kilio njo tuliingia, mimi na kapu, yama na mwavuli wa maua. Munganga alikuwa amemuruhusu. Bantu balitufungulia njia. Hakuna aliyemujua: kifua ndogo mu shimizi kubwa, sura kama mwezi. Anaclet akamupa kiti.

"Karibu, ndugu. Umetoka mbali?"

"Hopitali."

"Pole. Ulimujua marehemu?"

"Nani alikufa?"

"Casimir Chanda, mupuliza bombardo. Banasema alikuwa muntu mukubwa."

Yama alikaa. Alifunga mwavuli. "Eh," akasema, "alikuwa mukubwa kweli," na akacheka: ha, ha, ha, ha. Ine.

Mama Jeanne alisikia ile kicheko. Alitupa bamama babili pembeni na kumurukia. Banamuke ba kwaya bakakimbia, bangine bakafika ku njia ya tatu ya kampi. Kapya alitoa majani ku kichwa, akafuta pua, akasema na sauti ya kukwaruza: "Mbuzi, hauna adabu. Nani anakuja ku kilio yake bila kualikwa?"

Unga ya Anaclet tulipika, bote bakakula. Anaclet alikula kidogo sana, anaangalia yama kila mara, kuona kama bukari inashuka.

Siku ya kupima ilifika, siku ya Mungu ya pili ya mwezi ya kumi na moja, misa ikiisha. Yama alibeba bombardo na mwavuli, moja kila mukono. Alikaa. Mashavu yake ilijaa sana, na bantu bakatumaini, mupaka bakakumbuka kama njo inakaaka hivi. Akavuta hewa. Padri Pierre akainua kidole.

"Moja. Mbili. Tatu."

Sauti ilitoka muzuri, ileile ya zamani, yenye inatetemesha vitasa. Ine, tano, sita. Ku saba shingo yake ilikaza. Ku nane bombardo ililia kama mulango, na ikanyamaza.

Hakuna muntu aliyecheka. Yama alikuwa anaangalia viatu yake.

"Casimir," Padri akasema polepole, "nasikitika. Hesabu ni hesabu." Akanyoosha mikono kuipokea.

Kapya akasimama. "Hapana, Padri! Ile bombardo ni yangu."

"Yako vipi?"

"Huyu ni mufu. Nilimulilia mimi, na majani ku kichwa. Na wewe ulikuja na stola, uko mushahidi. Kitu ya mutani niliyemulilia naibeba, na yeye hana ruhusa ya kukasirika." Akamutoa yama bombardo mikononi, akaivaa. Ilimufikia mu masikio.

Padri alimuangalia yama. "Casimir, unakubali?"

Yama alimuangalia Kapya na bombardo yake. Halafu alisimama, akavuka mustari ya fanfari, akapitisha mukanda ya ngoma kubwa ku shingo yake.

"Nimekasirika?" akauliza bantu bote. "Sikukasirika. Na mimi nabeba ya kwake."

Bantu ba ukoo zote balipiga makofi. Padri Pierre alifungua kinywa. Ule muntu alikuwa na mafundisho juu ya wizi, na juu ya desturi, na juu ya fanfari, lakini juu ya ile haikuandikwa pahali. Mu vyombo vyote, moja tu haikuwa na hesabu ya pumzi, ilikuwa ngoma.

"Lakini Kapya hajui kupuliza!" akasema mwisho.

"Nitamufundisha," yama akajibu. "Muntu mwenye anaweza kulia vile, upepo iko nao."

Ilikuwa wiki tatu ya mateso. Sauti ya kwanza ya Kapya ilikuwa ya ng'ombe anazaa. Ya pili, ng'ombe alikuwa ameona mutoto na hakumupenda. Yama alikaa ku kivuli, mwavuli juu, kinini mu mufuko, anamupiga ku tumbo na fimbo ya ngoma: "Hapa! Hewa inakaa hapa, hapana ku mashavu! Mashavu niachie mimi!" Kuku mweupe, yenye wakati ule ilikuwa kwetu, ilihama yenyewe.

Tarehe ine ilikuwa na jua kali kati ya mvua mbili. Munganga alikuwa amekataza jua, na ngoma inataka mikono yote mbili, basi mama Jeanne alifunga mwavuli wa maua ku ngoma na kamba. Fanfari ikatembea kampi muzima, na nyuma yake kale kanyumba keusi kanatikisika, pum, pum, pum. Wivine alitoka hopitali kuja kuona, na karanga. Anaclet alivua kofia yake tena, hakujua kama anasalimia muzima ao mufu.

Ku wimbo ya mwisho, mbele ya bakubwa ba kampuni, kuna ile sauti ndefu yenye bapuliza bote banaishika mupaka Padri afunge mukono. Nilihesabu. Kapya alianza vizuri. Kumi. Ku kumi na mbili macho yake ilitoka. Ku kumi na ine alianza kuinama na bombardo yake. Padri alikuwa amefunga macho yake, mukono juu, iko mbinguni, hana haraka.

Yama alimuona mutani wake. Yeye njo alijua ile mahali, kwenye hewa inaisha na bantu banaangalia.

Akainua fimbo, akaipiga ngoma moja kubwa: PUM!

Na fanfari, ngoma kubwa ikifunga, imefunga. Bote balikata pamoja, safi kabisa. Padri alifungua macho, mukono bado juu, na bantu balikuwa banapiga makofi tayari.

"Casimir!" akaita. "Nani alikuambia wimbo imeisha?"

"Mwenye ngoma, Padri."

Kapya alikuwa amekaa chini mu vumbi, bombardo ku shingo, anatafuta pumzi. "Mbuzi," akasema, "hii kitu inakula bantu."

"Si ninyi mulisema?" yama akajibu chini ya mwavuli, na akacheka. Nilihesabu na bidole: tano, na kipande.